Binti wa mwaka na miezi saba kashakuwa na msimamo wake, hii inapita au ndo kazaliwa hivyo?

mama_kifungua

Habarini wapendwa, poleni na majukumu. Wale wenye uzoefu na watoto naomba mnisaidie mawazo maana huyu ndo kifungua mimba wangu na hapa nyumbani kila mtu ana lake la kusema mpaka nachanganyikiwa.

Tupo Mwanga, Kigoma mjini. Nyumba ina mimi, mume wangu na mama mkwe ambaye alitoka Kasulu kuja kunilea uzazi na mpaka leo hajarudi (sisemi kwa ubaya jamani, bila yeye nisingeweza kurudi sokoni kwenye biashara yangu). Mtoto mpaka anatimiza mwaka na miezi mitatu minne hivi alikuwa mtulivu, ukimuweka anakaa, ukimlisha anakula, majirani wanauliza hivi huyu mtoto huwa analia kweli. Sasa sijui nini kimemuingia. Kila kitu anataka afanye yeye. Kunawa yeye, kumega tonge yeye, kufunga mlango yeye, na ukimsaidia hata kwa kidole anaufungua tena wote ili aufunge upya mwenyewe. Asubuhi nikimvalisha gauni analivua, anaingiza kichwa kwenye mkono wa gauni, anakwama humo humo, analia, ukienda kumchomoa anakusukuma na kichwa chenyewe hata hakionekani kiko wapi.

Halafu kuna habari ya ndala. Huyu mtoto kajiajiri mlinzi wa viatu. Anajua ndala ya bibi, ya baba yake, ya mama jirani, na ukivaa ya mwenzio atakufuata mpaka mlango wa choo anakudai uivue. Mgeni akimchoka anaenda mlangoni anamchukulia viatu vyake anamwekea mapajani. Juzi mwenyekiti wa kikoba chetu kaletewa viatu na chai hajafika nusu kikombe, nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe yeye anacheka tu anasema huyo ni babu yake mtupu, babu yake naye alikuwa hapendi watu wakae sana.

Kilichonifanya niandike ni cha sokoni. Alitaka kubeba mgebuka mwenyewe kwa kushika mkia, samaki karibu anamzidi yeye, nikamnyang'anya maana ungeishia kwenye vumbi, akajitupa chini akagalagala na lile gauni jeupe mbele za watu. Mama mmoja muuza dagaa akaniambia mwanangu huyo usipomkunja sasa hivi utakuja kulia.

Na baba yake ndo anazidi kuniharibia. Anavua dagaa, mwalo wake Kibirizi, sasa mnajua mambo ya dagaa wa taa, giza likiwepo yuko ziwani usiku mchana kalala, mbalamwezi ikiingia yuko nyumbani karibu wiki nzima. Hiyo wiki hamna sheria. Biskuti kabla ya chakula, kulala saa nne usiku, kukaa juu ya meza, yote ruksa. Giza likirudi mwenzangu anachukua taa zake anaenda zake, mimi nabaki na vita.

Lingine ni kuongea. Anasema mama, baba, bii (bibi), mai (maji), taki, ndaa yani ndala, na maneno mawili matatu ya Kiha ya bibi yake. Wa jirani ambaye wamepishana wiki chache tu anasema "mama njoo, taka uji" kabisa. Wifi yangu wa Dar anasema tunamchanganya, bibi Kiha mimi Kiswahili, eti tuchague moja. Na anatumia sana mkono wa kushoto, bibi kila akimuona anahamisha kijiko.

Nisaidieni, ni umri au tabia? Na kuongea huko niwe na wasiwasi? Samahani kwa kuandika gazeti.

UjijiHalisi

Shoga hapo kwa mwenyekiti wa kikoba nimecheka mpaka wa kwangu wameniuliza mama kuna nini. Huyo mtoto mtunze, nyumba yangu ingepata mtu wa hivyo siku za sikukuu ningeshukuru sana.

Mi nna wanne na wote wamepita hapo, ila kila mmoja kwa staili yake. Wa kwanza alikuwa wa kugalagala, wa pili wa kususa, anakaa kwenye kona anakupa mgongo mpaka umuombe radhi, wa tatu hakunisumbua kabisa nikajua nishakuwa fundi, alivyokuja wa nne nikaomba po. Kwa hiyo umri upo na tabia nayo ipo, vyote viwili. Umri unaleta hayo ya mimi mwenyewe mimi mwenyewe, ila namna anavyoyafanya ndo yeye huyo, na mwingine utamkuta hivyo hivyo mpaka anaolewa.

Nnachokuambia, usipigane vita vyote. Chagua. Jiko la mkaa, maji ya moto, barabara, kisima, hapo hamna mjadala, unambeba hata kama analia mpaka Buzebazeba wanasikia. Lakini gauni? Gauni muachie. Mi nilikuwa naweka nguo mbili kitandani namuuliza hii au hii, anachagua, akishachagua anajiona yeye ndo kaamua kuvaa, kumbe kuvaa nshaamua mimi zamani. Namtandikia chini kabisa, tundu la kichwa limekaa wazi, anaingia mwenyewe. Ila uanze mapema, ukishachelewa kutoka hiyo kazi haifanyiki, utamvuta tu na atalia tu.

Na samaki ungemtafutia wa saizi yake. Mfungie dagaa wa mia mbili kwenye kimfuko chake abebe mpaka nyumbani. Mtoto wa umri huo anataka kazi ya kweli, mambo ya kukorogewa mchanga kwenye kopo kashajua mnamdanganya. Wa kwangu wa pili alikuwa kazi yake kupeleka vijiko mkekani, kijiko kimoja kimoja, anaenda anarudi, chakula kinapoa tunamsubiri.

Mkono wa kushoto kwenye kula sisi huku tunawafundisha kulia, hiyo ni adabu ya mezani na dini pia, lakini polepole, unamuwekea kijiko upande wa kulia unakula naye, bila kumpiga kofi la mkono. Kuchora, kushika mpira, kufungua mlango, muache atumie anaoutaka.

mzee_wa_gungu

Mnamlea mtoto au mnalea mfalme? Mgeni analetewa viatu watu wanacheka. Zamani mtoto akijitupa chini sokoni anachapwa kifimbo kimoja cha mguu anainuka mwenyewe na harudii. Sisi tulilelewa hivyo na tuko wazima. Leo kila kitu ni "ni umri", akifika miaka kumi bado mtasema ni umri.

baba_wa_Isevya

Mzee shikamoo, ila hapo naomba nikupinge kidogo. Mtoto wa mwaka na nusu ukimchapa hajui kachapwa kwa sababu ya kugalagala au kwa sababu ya samaki, anachojua ni kwamba mama kaniumiza, basi. Wa miaka sita saba tunaweza kubishana mimi na wewe, huyu bado hajui hata hasira ni nini, inamjia tu inambeba.

Mimi niko Tabora, nna kijana wa miaka miwili na kidogo. Mleta mada nikupe moyo kwenye hili la kulinganisha na wa jirani. Wa kwangu alichelewa kutembea bwana. Watoto wote wa mtaa wetu wameshapiga dede na kukimbia, yeye kakaa anatambaa kwa makalio, anajivuta na mguu mmoja spidi kama pikipiki. Mama mkwe wangu akasema apelekwe akachanjwe miguu, dada yangu akasema tumfukie kwenye mchanga mpaka magotini, maana si unajua kila ukoo na dawa zake. Tukaenda kliniki wakamuangalia nyonga na miguu wakasema yuko sawa tusubiri. Akatembea na mwaka na miezi mitano, na alivyoanza hakuanguka anguka kama wengine, alisimama akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mwembe wa uani akapiga shina kofi, akarudi. Siku hiyo nilikuwa nimeshika chai nikaimwaga.

Sasa yeye lugha yake ni treni. Sisi tuko karibu na reli, akisikia honi anaacha kila kitu, awe analia awe anakula, ananyoosha kidole upande wa stesheni anasema "Goma!" kwa sababu nilimwambia ile inaenda Kigoma. Hata ya kwenda Mwanza ni Goma, hata lori la mizigo ni Goma. Miezi mingi neno lake la maana lilikuwa hilo, mama yake roho juu juu. Ghafla tu kama mtu kafungua bomba, sasa hivi tunatafuta pa kuzimia.

Hiyo ya baba kuharibu sheria nimeisoma nikanyamaza, mke wangu naye anapita humu.

nesi_kliniki

Mama kifungua nimesoma vizuri. Mimi ni muuguzi, niko upande wa kliniki ya mama na mtoto, wilaya mojawapo ya mkoa wetu huu. Nitaandika kidogo kwa urefu maana maswali haya nayasikia kila siku ya kupima uzito.

Kuhusu ukorofi. Kati ya mwaka na nusu na miaka mitatu hivi ndo kipindi cha hasira na "staki". Mtoto kashajua kuwa yeye ni mtu tofauti na mama, ana matakwa yake, lakini maneno ya kuyasema hana na uwezo wa kujizuia bado. Matakwa makubwa, mdomo mdogo, matokeo yake anajitupa chini. Na utaona wanazidisha wakiwa na njaa, usingizi, au homa inanyemelea. Kwa hiyo akianza kabla hujawaza tabia jiulize kala saa ngapi, kalala saa ngapi. Mtoto wa mwaka hadi miaka miwili anahitaji usingizi wa saa 11 mpaka 14 kwa siku ukijumlisha na wa mchana, sasa huyu akilala saa nne usiku na saa kumi na mbili mko macho wote, ile hasira ya sokoni msimtafute mchawi. Akishajitupa, msogeze asiumie, kaa karibu, sema maneno machache kwa sauti ya chini, usimpe alichokuwa analilia na usimhubirie pia maana hasikii. Ikipita mkumbatie muendelee na safari.

Kuhusu kuongea. Miezi 18 tunategemea angalau maneno matatu ukiacha mama na baba, na hayahesabiwi kwa lugha moja, ya Kiha na ya Kiswahili yote unayaweka kwenye kapu moja. "Mai" ni neno, "ndaa" ni neno, alimradi kila siku analitumia kwa kitu kile kile. Akifika miaka miwili ndo tunatafuta maneno mawili pamoja, kama baba njoo, taka maji. Wako ana zaidi ya matatu kwa ulivyoandika. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, mwambie wifi kwa heshima zote bibi aendelee na Kiha chake, tena aongeze na hadithi. Kinachochelewesha ni kutoongeleshwa, kukaa na simu siku nzima. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, akifika miaka miwili isizidi saa moja kwa siku.

Mimi kuliko kuhesabu maneno napenda kuuliza haya: anaelewa ukimtuma kitu kimoja bila kumuonyesha kwa mkono? Ukimuita jina akiwa amekupa mgongo anageuka? Anakuonyesha kitu kwa kidole ili tu na wewe ukione, sio kwa sababu anakitaka? Anaiga mnayofanya? Amewahi kutokwa usaha masikioni? Nijibu hayo.

Baba wa Isevya, hongera, mlifanya vizuri kwenda kuangaliwa. Watoto wazima wanaanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi minane na kumi na saba na kitu, ndo maana tunasema miezi 18 ikifika hajatembea aletwe, asifukiwe mchanga.

Mkono. Wengi wanakuja kutulia na mkono mmoja kati ya miaka miwili na minne, kabla ya hapo wanabadilisha badilisha. Mashoto ni mzima, hana kasoro. Ninachotaka muangalie ni ule wa kulia, je unafanya kazi? Anaweza kushika kitu kwa huo, kupiga makofi, kutambaa alitambaa kwa mikono yote? Kama mkono mmoja ni mlegevu au anaukunja muda wote, hiyo ni ya kuonyesha kliniki, isisubiri.

Na swali langu la mwisho ambalo hukuliulizia, miezi 18 alichomwa sindano ya pili ya surua na rubela? Wazazi wengi wakishapata ile ya miezi tisa wanaona wamehitimu, kadi inaenda chini ya godoro. Angalia pia matone ya vitamini A, ni kila miezi sita mpaka miaka mitano, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja.

mama_kifungua

Nesi Mungu akubariki, umenijibu mpaka nisiyouliza. Ngoja nijibu.

Kutumwa anatumika. Nikimwambia mpelekee bibi kanga anapeleka, ila akifika anaweza asimpe, anajitanda yeye. Jina anageuka, na nikimuita kwa ukali anajifanya hasikii lakini naona mabega yanatikisika anacheka. Masikio hajawahi kutoka kitu.

Kidole ndo usiseme. Usiku wa giza tukiwa nje, kutoka hapa kwetu taa za wavuvi zinaonekana ziwani zimejipanga kama mji, ananishika kidevu ananigeuza uso, ananyoosha kidole anasema baba. Sa mimi siwezi kujua ipi ni ya baba yake kati ya zote zile lakini yeye kashachagua ya kwake na haibadilishi.

Kuiga ni bibi yake mtupu. Mnajua salamu zetu za Kiha, kuinama na kupiga makofi, "mwakeye", mwingine anajibu inaenda hivyo mpaka muulizane habari za ng'ombe. Basi yeye asubuhi akimuona bibi anachuchumaa, anapiga makofi kwa mikono yake yote miwili (nesi umesikia hapo, yote miwili), anasema "keee", anasubiri ajibiwe. Bibi akiwa kanyamaza kwa bahati mbaya anarudia kwa sauti. Anakwenda kuwasalimia hadi kuku. Kushoto ni kwenye kijiko na kutupa vitu, tonge anamega kwa wowote ulioko karibu na sahani.

Ya sindano umenishika, kadi ipo kabatini na nimeenda kuangalia, ya miezi 18 hamna alama. Alikuwa na mafua ile wiki tukasema tutaenda na basi ikapita. Bado anaweza kuchomwa au ndo imeshapita?

UjijiHalisi ya nguo mbili nimejaribu. Ya kwanza alichagua zote mbili. Ya pili imefanya kazi, alivaa la njano juu ya pampasi, kifungo mgongoni kanizuia nisifunge lakini tumetoka.

nesi_kliniki

Haijapita, mlete tu siku yoyote ya chanjo, mafua madogo yasiyo na homa kali hayazuii. Na kwa majibu hayo sioni cha kunitia wasiwasi kwenye kuongea, mtoto anayemgeuza mama yake uso aone taa anawasiliana vizuri sana. Kama kuna siku akaacha kufanya alivyokuwa anafanya, maneno yakapotea, hakuangalii tena usoni, hapo njoo haraka. Miaka miwili ikifika bila maneno mawili pamoja njoo pia tumuangalie masikio.

shangazi_Mwandiga

Na mimi niulizie hapo hapo nesi. Wa mdogo wangu, umri huo huo, akilia kwa hasira anakata pumzi kabisa, mdomo unakuwa wa bluu, analegea, halafu anarudi mwenyewe. Watu wanasema ni degedege wanataka kumpeleka kwa mtaalamu, yani mganga wa kienyeji, Bitale huko. Sasa nyumba nzima inamuogopa, hamna mtu wa kumkatalia kitu.

nesi_kliniki

Shangazi hiyo ipo na inatisha sana kuiona, lakini kama inakuja pale tu anapolia au kushtuka, na anarudi ndani ya dakika moja, mara nyingi ni kukata pumzi kwa hasira, degedege ni kitu kingine. Inaanzaga hata miezi sita na kufika miaka sita wengi imewaacha. Hata hivyo aletwe hospitali aangaliwe na apimwe damu, kwa sababu upungufu wa damu wa madini ya chuma unaizidisha na ukitibiwa inapungua. Ikitokea mlaze ubavu, msimmwagie maji, msimtikise, msimuwekee kitu mdomoni. Ila kama mtoto ana homa na anakakamaa au kurusha mikono na miguu, au anachelewa kuamka, hiyo ni ya kukimbia hospitali saa hiyo hiyo, huku kwetu malaria haichezewi na dawa ya kwanza isiwe ya mtaalamu.

Na kumkatalia mkatalieni tu, kwa utulivu. Akishajua bluu inaleta biskuti mmekwisha.

mzee_wa_gungu

Marahaba baba wa Isevya. Nimesoma yote. Hiyo ya mtoto kusalimia mwakeye kwa makofi imenifurahisha, wangu wa mjini hata shikamoo inawashinda. Huyo ana adabu tayari, fimbo sitaki tena ila hilo la wageni mlirekebishe, mgeni hafukuzwi.

UjijiHalisi

Mzee leo umelainika, tupige picha.

Mama kifungua la wageni lifanyie hivi, mpe zamu ya kupokea, asibaki na kuaga peke yake. Mgeni akiingia mwambie kapange viatu vya shangazi, halafu kamletee kigoda. Akishakuwa na kazi mwanzoni mwisho hana haraka nao. Kwangu ilisaidia kwa yule wa kususa, alikuwa anawafungia mlango wageni kwa nje.

Na baba mtu umkalishe mkiwa wawili, mtoto kalala, usimwambie akiwa ametoka ziwani na usingizi. Usimletee orodha ndefu. Mi wangu nilimuomba vitu viwili tu, chakula kabla ya biskuti na saa ya kulala, mengine nikamuachia awe baba wa raha. Mtoto anajua vizuri kabisa nani anatoa nini, wa kwangu alikuwa hata haniombi soda mimi, ananipita anaenda kwa baba yake. Hiyo haimuharibu. Kinachomuharibu ni jambo lile lile leo hapana kesho ndio, kwa mtu yule yule.

baba_wa_Isevya

Naunga mkono, na kwa niaba ya akina baba niseme kitu. Mwenzako usiku mzima yuko majini, akirudi ile wiki anataka mtoto amfurahie, anaogopa mtoto amuone mgeni. 2024 uvuvi ulivyofungwa ziwani ile Mei mpaka Agosti shemeji yangu wa huko huko alikaa nyumbani miezi mitatu, wiki ya kwanza alikuwa wa biskuti, mwezi wa pili yeye ndo anapiga kelele "nani kampa huyu mtoto biskuti". Mpe kazi ya kila siku ambayo ni ya kwake na mtoto tu, mfano kumuogesha jioni. Mi wangu kuogeshwa ni mimi na yeye, mama yake haruhusiwi kusogea, na nikikaa macho kwenye beseni sitoki hata simu ikiita, maana mtoto wa hivi maji ya kwenye beseni tu yanatosha kumuua, sio lazima ziwa.

mama_kifungua

Baba wa Isevya asante, hapo kwenye kuogopa kuonekana mgeni sikuwahi kuliangalia upande huo. Kumuogesha nitamuachia, mbalamwezi ikiingia tunaanza, tena apate na kelele za kichwa kuoshwa azisikie mwenyewe.

Leo sokoni nimempa kimfuko chake cha dagaa. Kabeba mpaka kona ya msikiti, hapo akakaa chini akafungua akaanza kuwatoa mmoja mmoja akiwapanga kwenye jiwe, watu wanapita wanamuuliza bei. Tumechelewa lakini hajalia.

Swali dogo la mwisho halafu niwaache mpumzike, poti mnaanza lini? Bibi anataka tumkalishe miguuni asubuhi kama walivyokuwa wanafanya wao, mi nilikuwa nasubiri miaka miwili. Na akijisaidia anakuja kuniambia "taki" huku ameshamaliza.

UjijiHalisi

Kama anakuja kukuambia basi kashaanza kujua. Msikilize bibi hapo, unakaa kwenye kigoda unamkalisha juu ya miguu yako asubuhi akiamka na baada ya uji, dakika chache, hakijatoka kitu mnainuka bila ugomvi. Wangu wote wamepitia hiyo na poti nilinunua kwa wa nne tu, akaifanya kofia.

nesi_kliniki

Sawa kabisa, wengi wanakuwa tayari kati ya mwaka na nusu na miaka mitatu. Dalili ni hiyo ya kukuambia na kukaa mkavu kwa muda wa saa mbili hivi mchana. Usiku acha kwanza, unachelewa zaidi. Na kadi usisahau, njoo nayo.